Kibarua cha Wingu

Fundi alikuwa amekwisha kulizungushia wingu la tatu mstari kwenye skrini, akaachia kipanya ili anyooshe vidole. Mawingu yaliyobaki yalikuwa madogo madogo, yametawanyika juu ya ziwa kama pamba iliyomwagika, na programu ilikuwa imeyapita bila kuyaona. Kazi yake ilikuwa kuyaona. Alichukua la kaskazini, akalichorea mstari pembeni, kona kwa kona, kama fundi cherehani anayekata kitambaa cha mteja mkali, kisha akabonyeza. Wingu likawa kijivu. Kijivu kwenye ramani maana yake ni kwamba hapo hakuna taarifa.

Setilaiti ilipita juu ya ziwa kila baada ya siku tano, asubuhi jua likishapanda, ikapiga picha na kwenda zake. Picha ikifika ofisini, programu huyasoma maji kwa rangi yake. Maji safi humeza mwanga, maji ya tope huurudisha, na maji yenye mwani mbaya huurudisha kwa namna ambayo ukishaijua huisahau tena. Kisha ramani hupakwa rangi: buluu, kijani, njano, nyekundu. Nyekundu ikitokea mahali watu wanapovuta maji ya kunywa, tahadhari hutolewa siku hiyohiyo, pampu ya mahali hapo huzimwa, na malori ya maji safi hutumwa bure mpaka rangi ibadilike. Ilikuwa sheria nzuri. Ilikwisha kuokoa miji miwili ya upande wa pili.

Palikuwa na sheria nyingine ndogo. Mkono wa mtu uliruhusiwa kuongeza wingu ambalo programu haikuliona. Haukuruhusiwa kuondoa wingu ambalo programu imeliona. Aliyeitunga alikuwa mtu mwangalifu, na alisema heri kupoteza maji mazuri kuliko kuuza wingu kwa jina la maji. Fundi, aliyeingia ofisi hiyo kama mpiga chapa na kujifunza kazi ya picha kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake, aliiona sheria hiyo kuwa ya busara. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na sababu ya kugombana nayo.

Aliiacha ghuba mpaka mwisho. Juu ya ghuba palikuwa na wingu. Lilikuwa palepale lilipokuwa kwenye picha iliyopita na kwenye iliyoitangulia hiyo, limekaa juu ya maji kama kifuniko juu ya sufuria, kutoka mdomo wa bomba la kiwanda cha sabuni mpaka nyumba ya pampu ya mtaa. Hilo halikuhitaji mstari. Programu ilikuwa imeliona yenyewe.

"Lipo?" aliuliza mtu mlangoni.

Alikuwa Chupa, mchukua sampuli wa ofisi, mwanamume mnene mwenye mvi za ndevu tu, ambaye jina lake halisi lilijulikana na mhasibu peke yake.

"Lipo."

"Lina nidhamu kuliko sisi. Mimi leo nimechelewa."

Wingu hilo halikuwa siri. Siku ya setilaiti liliingia kazini na zamu ya asubuhi, likipita polepole juu ya geti la kiwanda huku wafanyakazi wakipita chini, na askari wa getini alilihesabu pamoja na wengine. Lilishuka mpaka juu ya ghuba, likajitandaza, likatulia. Setilaiti ikishapita lilijikunja, likapanda kilima cha nyuma ya kiwanda na kukaa juu ya nyumba za vibarua. Siku nyingine hazikuwa za kazi kwake. Watoto walilipigia kelele, "We wingu, leo huna zamu?" na wakubwa waliwakemea, maana kazi ni kazi na hakuna anayeichagua. Linalipwa nini, hakuna aliyejua kwa hakika. Ila kila mwisho wa wiki bomba la mvuke la kiwanda lilifunguliwa kwa kitambo, wingu likaonekana limesimama hapo, na jioni lilikuwa limenenepa kidogo.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Sheria za ofisi zilisema mahali penye kijivu hapajaonekana tatizo. Mahali ambapo hapajaonekana tatizo, pampu huendelea.

Na kwenye pampu hiyo ndiko yalikotoka maji ya Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake mama yake Fundi. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa kusuka vichwa vya watu. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, barabara ya pili kutoka majini: kioo kimoja chenye ufa, viti viwili vya plastiki, benchi la wanaosubiri, draya iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na beseni la kuoshea nywele lenye mkato wa shingo. Maji ya beseni hilo yalinukia maua. Hakuna aliyewahi kuyaona maua ya namna hiyo, yaliandikwa tu kwenye pakiti za sabuni. Yakikaa kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi huacha utepe wa kijani pembeni.

Fundi alikwenda huko baada ya kazi. Alimkuta mke wa seremala ameinamisha shingo kwenye beseni, na mwalimu wa chekechea kwenye benchi, anasubiri zamu yake.

"Usinisuuze sana," alisema mke wa seremala. "Wiki iliyopita nimefika nyumbani mume wangu akaniuliza kama nimeota mchicha."

"Akuchume basi, apike," alisema Mama Mdogo. "Si analalamika kila siku hakuna mboga?"

"Mama, wewe mzaha tu," alisema mwalimu. "Watoto wangu darasani wanaumwa matumbo. Nusu ya darasa. Nawaambia wachemshe, wanasema wanachemsha."

"Kuchemsha hakusaidii," alisema Fundi. "Sumu ya mwani haiogopi moto."

Wote watatu walimtazama kwa upole, kama mtu anayetazamwa akisema jua linachoma. Hawakuwa wajinga. Maji walikuwa wanayaona. Lakini mtu hawezi kunywa ushauri, na malori hayaji kwa ushauri.

Mama Mdogo alimgeukia, na Fundi akayaona macho yake kwenye mwanga wa dirisha. Weupe wake ulikuwa umeanza kuwa njano, njano ileile ya ramani, ile isemayo watu wawe waangalifu.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema ini. Akaniuliza nakunywa maji gani. Nikamwambia ya bomba. Akafunga daftari, maskini. Naye yuko mtaa huuhuu."

"Na yale maboksi ya maji niliyokuletea?"

"Yule binti wa jirani kajifungua. Ningeyaacha yapange foleni hapa wakati kuna mtoto wa wiki moja?"

"Mama Mdogo, niliyaleta uyanywe wewe."

"Mwanangu, nikinywa ya dukani peke yangu, halafu nimtazame huyu kwenye beseni, nitamwambia nini? Afya njema?"

"Niambie tu," alisema mke wa seremala kutoka kwenye beseni. "Nitaitikia."

Fundi alikwisha kumwomba ahamie kwake, kule mjini juu ambako maji yanatoka kwenye visima. Mama Mdogo alijibu kwamba vichwa vya watu havihami. Mlango wa mazungumzo hayo ulikuwa umefungwa, na Fundi alikuwa analijua komeo lake tangu utotoni. Basi ilibaki njia moja: picha moja safi ya ghuba. Picha moja tu, rangi iwe nyekundu, tahadhari itoke, malori yaje kwa mtaa mzima, na Mama Mdogo anywe kama wanavyokunywa wengine bila kumwonea mtu aibu.

Siku ya setilaiti iliyofuata alimwomba Chupa amchukue kwenye boti.

Boti ya ofisi ilikuwa ya fiba, na injini yake iliwaka kwa kubembelezwa. Chupa aliibembeleza. Walipoingia ghubani jua liliwaacha, wakawa kwenye kivuli. Wingu lilikuwa juu yao, chini kiasi kwamba Fundi angesimama na kasia mkononi angeligusa tumbo. Lilikuwa la kijivu cheupe, limechakaa kwenye kingo kama shuka la gesti. Maji chini yake yalikuwa mazito. Yalikuwa na ngozi ya kijani juu, na juu ya ngozi hiyo povu jeupe, na boti ilipopita mkondo wake haukujifunga mara moja.

Chupa alitumbukiza chupa yake, akaitoa. Ilikuwa kama rangi ya kupaka milango. Aliifunga, akaifuta, akaandika saa kwenye utepe, kisha wakakaa kusubiri. Sampuli ya maji katika ofisi yao haikuwa ushahidi peke yake. Ilikuwa shahidi wa picha. Picha ikisema jambo, chupa iliyochukuliwa saa ileile, mahali palepale, hulithibitisha. Pasipo na picha, shahidi hana kesi. Na sheria ilisema shahidi asiye na kesi arudishwe alikotoka.

"Imepita," alisema Chupa akitazama saa. Alitazama juu kwa mazoea, kwenye tumbo la wingu. "Haya." Akaifungua chupa na kuimwaga ziwani, taratibu, bila kurusha matone.

"Huwa unajisikiaje?" aliuliza Fundi.

"Zamani nilikuwa najisikia. Siku hizi naosha chupa."

Wingu lilianza kujikunja. Fundi alisimama kwenye boti, akashika ukingo asije akaanguka.

"Pole na kazi," aliliambia.

Wingu lilisita.

"Sikuja kukugombeza. Kila mtu ana kwake anakotafutia riziki. Ila hapo barabara ya pili kuna mama yangu mdogo, yule mwenye saluni ya mlango wa bluu. Anaumwa ini. Mimi nahitaji uwe pembeni mara moja tu, kwa muda wa kupita setilaiti. Baada ya hapo urudi, sitauliza."

"Mwambie na shule ya chekechea," alisema Chupa, akifunga kifuniko.

"Na shule ya chekechea."

Wingu halikujibu, maana mawingu hayajibu. Lilipanda kilimani kama siku zote. Ila njiani lilipita juu ya barabara ya pili, ambayo haikuwa njia yake, na kivuli chake kilikaa kidogo juu ya mlango wa bluu. Mama Mdogo alikuwa nje anakung'uta taulo. Alitazama juu, akalikaribisha kwa mkono, akaingia ndani na taulo zake akidhani mvua inakuja.

Siku tano baadaye wingu halikwenda kazini.

Askari wa getini alisubiri, akatazama kilimani, akaita mara moja. Wingu lilikuwa juu ya soko, limejiweka nyuma ya matangi ya maji, limegeukia upande mwingine. Lilikaa hivyo asubuhi yote. Ghuba ilikuwa wazi, jua likaingia mpaka pembeni, na Chupa, akiwa peke yake kwenye boti, alichukua sampuli yake saa ileile setilaiti ilipopita. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuimwaga. Aliibeba ofisini ikiwa imefungwa kwenye taulo kama kichanga.

Picha ilifika mchana. Fundi aliifungua kabla haijapita kwenye programu, ikiwa bado mbichi. Ziwa lilikuwa pale, kubwa, jeusi, tulivu. Na pembeni yake ghuba, ambayo hakuwahi kuiona kutoka juu. Ilikuwa inang'aa. Kijani chake kilikuwa kikali mpaka kilikaribia weupe, na kutoka mdomo wa bomba la kiwanda povu lilikuwa limejitandaza kwa mikunjo, likazunguka, likaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pampu kama mgeni anayejua mlango. Chupa alisimama nyuma ya kiti chake, na sampuli mkononi.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Kumbe iko hivi."

Fundi alibonyeza. Programu ilianza kusoma. Ilipaka ziwa buluu. Ilipaka mdomo wa mto njano. Ilifika ghubani, ikasimama kidogo, ikapima. Mwanga uliorudi ulikuwa mwingi kuliko ambao maji yanaweza kurudisha. Programu ilikuwa imefundishwa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba kitu kinachong'aa kiasi hicho juu ya ziwa ni wingu. Ikapaka ghuba kijivu.

Fundi aliirudia. Ikapaka kijivu. Alichora mstari kuzunguka ghuba kwa mkono wake na kuiambia kwamba haya ni maji, na kwenye skrini likatokea neno la adabu likimkumbusha kwamba mkono unaruhusiwa kuongeza tu.

Alikwenda kwa Mkuu wa kitengo. Mkuu alikuwa mzee mwembamba aliyebakiza miezi kabla ya kustaafu, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, na hilo lilifanya iwe vigumu kumchukia. Alitazama picha mbichi. Alitazama ramani. Aliinua chupa kwenye dirisha, akaitikisa, akaiweka chini na kufuta vidole kwa leso.

"Hili ni wingu," alisema, akionyesha ramani.

"Mkuu, wingu halikuwepo. Lilikuwa sokoni. Watu wamelipita."

"Nimeliona hata mimi nikinunua gazeti. Sisemi lilikuwepo. Nasema programu imeliona."

"Basi tuliondoe."

"Mkono hauondoi, Fundi. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Na chupa je?"

"Chupa inathibitisha picha. Picha inasema wingu. Sasa chupa hii ithibitishe nini? Kwamba wingu ni la kijani?" Alisema hivyo bila kejeli. Alikuwa anatafuta kweli, na hakuona njia. "Ngoja tuwaulize wenyewe."

Wenyewe walikuwa makao makuu, mbali sana, ambako programu ilitengenezwa na kutunzwa. Mkuu aliandika ujumbe mbele ya Fundi, akaeleza vizuri, akaambatanisha picha. Jibu lilikuja kesho yake, refu na la heshima. Walishukuru ofisi kwa umakini wake. Walisema kipimo kilichotumwa hakiwezekani kwa maji yoyote yanayojulikana. Maji hayawezi kuwa hivyo, kwa hiyo hayo si maji. Walishauri lenzi ya setilaiti ichunguzwe, kisha wakachunguza wenyewe, wakaiona nzima.

"Mama yangu mdogo anayanywa," alisema Fundi.

"Hilo silikatai," alisema Mkuu. Akaondoa miwani, akashika tama. "Yangekuwa machafu kidogo, tungeyaona. Yangepungua uchafu hata nusu, yangekuwa mekundu, na leo hii malori yangekuwa njiani. Sasa yamezidi. Ukizidi huonekani."

Chupa aliirudisha sampuli yake ghubani jioni hiyo. Aliosha chupa.

Kiwandani nako walitazama ramani, maana ramani ilikuwa ya umma na kila mtu aliitazama. Waliona ghuba ina kijivu siku ambayo wingu halikuja kazini. Hesabu yake haikuhitaji mtaalamu. Zamu iliyofuata wingu liliposhuka kutoka kilimani, limechelewa kidogo na limeinama, askari wa getini alilizuia. Alikuwa mtu wa huruma, akaliambia kwa sauti ya chini.

"Usiingie, ndugu yangu. Kibarua kimeota nyasi. Wanasema ghuba inajifunika yenyewe sasa."

Wingu lilikaa getini siku kadhaa pamoja na wanaume wanaosubiri kuitwa kupakia maboksi. Asubuhi walipoitwa watu, lilisogea mbele. Halikuitwa. Bomba la mvuke halikufunguliwa tena kwa ajili yake, na lilianza kukonda mpaka ukiwa chini yake unaona jua kama kupitia chandarua. Vibarua kilimani walisema halikai tena juu ya nyumba zao, pengine kwa aibu.

Kisha likaanza kuja saluni.

Lilikuja asubuhi moja na kusimama juu ya benchi, likiwa limejikunja lisizibe mlango. Mke wa seremala alilitazama, akasogea.

"Hili nalo limekuja kusuka?"

"Liacheni," alisema Mama Mdogo. "Limeachishwa kazi. Likae, kivuli hakina ubaya."

"Ndilo lililotuficha miaka yote hii."

"Na wewe mumeo si ndiye aliyetengeneza milango ya kiwanda?"

"Ametengeneza ndiyo. Tungekula nini?"

"Haya basi. Sogea nikufumue."

Wingu lilisikia au halikusikia. Siku ya pili yake, baada ya kukaa kimya mpaka mchana, lilisogea juu ya beseni tupu lililoanikwa uani na likanyesha. Halikuwa na nguvu nyingi. Lilijikamua mpaka beseni likafika nusu, likabaki kama moshi wa mshumaa. Mwalimu wa chekechea alipiga magoti pembeni ya beseni, akaingiza vidole, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Maji ya mvua," alisema. "Mama, kunywa. Haya hayajapita bombani."

Fundi alikuwepo. Alimzuia kwa mkono, akamwita Chupa. Chupa alikuja na kisanduku cha vipimo vidogo ambavyo haviruhusiwi kuwa ushahidi wa kitu chochote, akadondosha dawa kwenye kichupa cha maji ya beseni, akakitikisa. Walisubiri. Maji yakageuka rangi.

"Ni ya ghuba," alisema. "Limekaa pale miaka. Lilikuwa linakunywa nini?"

Wingu lilikuwa linangoja juu ya uzio, jembamba, kama mtu aliyeleta zawadi. Mama Mdogo alijishika kiuno, akasimama kwa shida, akaliambia, "Ahsante sana, tumepokea." Alilibeba beseni kwa mikono miwili mpaka jikoni, akafunga mlango, na ndipo akayamwaga, polepole, ili lisisikie.

Kuanzia hapo lilinyesha kila lilipoweza. Kila mara alilishukuru.

Jumapili Fundi alikwenda asubuhi. Saluni ilikuwa imefungwa kwa wateja. Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, miguu imevimba, uso umekuwa wa rangi ya nta. Alimtazama Fundi kichwani kabla ya kumwitikia salamu.

"Hivi ndivyo unavyokwenda ofisini? Wakikuuliza unaishi na nani?"

"Pumzika, Mama Mdogo. Nitasuka kwingine."

"Kwingine wapi? Kaa chini, usinitukane."

Alikaa sakafuni katikati ya magoti yake, kama alivyokuwa akikaa tangu hajaanza shule. Vidole vya Mama Mdogo vilikuwa baridi lakini njia zake zilikuwa zilezile. Aligawa nywele kwa kitana, akaanza upande wa kushoto, nyuma ya sikio, mistari myembamba ya kurudi nyuma. Alisuka na kusimulia. Mtoto wa jirani alikuwa anaongezeka, maboksi yalikuwa yamemfaa. Mwalimu alikuwa amehamisha watoto wake wawili kwa dada yake. Wateja walikuwa wamepungua, na waliobaki walikuja na maji yao kwenye madumu, na Mama Mdogo aliwatoza kilekile, kwa kuwa kusuka ni kusuka.

"Na huko kwenu ramani inasemaje?"

"Kijivu."

"Bado?"

"Bado. Nimeandika tena makao makuu. Chupa naye ameandika. Mkuu ametia sahihi zote mbili."

"Wanajibu?"

"Wanajibu vizuri sana."

Mama Mdogo alicheka, akashika ubavu, akangoja kicheko kipite.

"Nipe maji nimeze vidonge. Saa yake imefika."

Fundi alisimama, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Maboksi mapya aliyoyaleta katikati ya wiki hayakuwepo, na hakuuliza yamekwenda nyumba ipi. Barabara nzima maduka yalikuwa yamefungwa. Alichukua glasi, akaijaza kwenye birika la maji yaliyochemshwa, akaiinua kwenye dirisha. Miaka yote alikuwa anasoma maji kwa rangi, na katika glasi moja hayakuwa na rangi yoyote. Yalikuwa meupe, yanapitisha mwanga, yananukia maua kwa mbali. Alisimama nayo hapo mpaka Mama Mdogo akamwita.

"Unayahesabu? Lete, mwanangu."

Alimpa. Mama Mdogo alimeza vidonge kimoja kimoja, akamaliza glasi yote kama alivyoagizwa na daktari, akamrudishia. Fundi alikaa tena chini. Vidole vikaendelea, mstari mmoja, kisha mwingine. Katikati ya mstari wa katikati vikapunguza mwendo. Vikasimama. Fundi alisikia pumzi za Mama Mdogo juu ya kichwa chake, nzito, zenye mkwaruzo, na mkono ukiwa bado umeshika ncha ya msuko. Hakusogea. Miguu ilimfa ganzi, akaiacha.

Jua lilipozunguka nyumba Mama Mdogo alishtuka.

"Nimefikia wapi?"

"Katikati."

"Ah. Nilidhani nimemaliza." Alipapasa kichwa cha Fundi kwa kiganja, upande uliosukwa, kisha upande ambao bado. "Mikono imechoka leo. Jifunge kitambaa, tutamalizia kesho."

"Kesho setilaiti inapita. Nitatoka kazini nimechelewa."

"Njoo hivyohivyo. Nitakuwa hapa."

Akakata kipande cha uzi kwa meno, akaifunga ncha ya msuko ule wa katikati ili usifumuke usiku.